Bei Ipo, Mnunuzi Hayupo: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Hisa, Vipande na Hatifungani

Barua za safari hii nyingi zimetoka Dodoma na Singida. Zilizofanana tumezijibu kwa pamoja. Penye hesabu ya mfano tumesema ni ya mfano. Bei za siku muulize dalali wako au utazame taarifa ya Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Nimeuza zabibu, nimebakiwa na milioni nne. Kijana wangu ananishauri ninunue hisa zote, halafu ukifika msimu wa kupogoa na kupiga dawa niuze kidogo kidogo. Ni sawa? (Mkulima, Hombolo)

Ushauri wa kijana una nusu ya ukweli. Hisa zinauzika, lakini haziuziki siku unayotaka wewe kwa bei unayoitaka wewe.

Anza na gharama. Kwa mwekezaji mdogo, kamisheni ya dalali pamoja na tozo za soko, za msimamizi na za hifadhi ya hisa hukaribia asilimia 2 unaponunua, na karibu asilimia 2 nyingine unapouza. Ukinunua za milioni moja, elfu ishirini imeondoka mlangoni, na elfu ishirini nyingine inakusubiri wakati wa kutoka. Kwa hiyo bei lazima ipande kama asilimia 4 ndipo urudi pale ulipoanzia. Ndani ya miezi mitano inaweza kupanda hivyo, na inaweza vilevile kushuka. Dawa ya ukungu haitasubiri.

Kisha kuna muda. Hisa zako zikishapata mnunuzi, malipo hukamilika siku ya tatu ya kazi. Lakini hizo siku tatu huanza kuhesabiwa baada ya mnunuzi kupatikana, na kumpata huyo ndiyo kazi.

Kwa hiyo gawa. Pesa ya shamba ya msimu ujao, pamoja na ada za shule za mwaka, iweke mahali inapotoka haraka: benki, au mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi inayokusanya fedha za watu wengi na kuziwekeza kwa pamoja (fungu lako humo huitwa kipande), ambao haukati ada unapoingia wala unapotoka. Kinachobaki, ambacho hata mavuno yakiharibika hutakigusa kwa miaka mitano hivi, hicho ndicho cha hisa. Katika milioni nne za mkulima wa zabibu, sisi tungeshangaa kikizidi milioni moja na nusu.

Kufungua akaunti ya hifadhi ya hisa hakukulazimu kwenda Dar es Salaam. Dalali mwenye leseni, benki inayotoa huduma hiyo, au programu ya simu ya Hisa Kiganjani inatosha. Andaa namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), picha, na akaunti ya benki. Kinachokwamisha wengi ni jina: NIDA ina majina matatu, benki ina mawili, moja limekosewa herufi. Rekebisha kabla hujanunua. Ukiliacha, litakuja kukusumbua siku ya kupokea gawio (mgao wa faida ya kampuni) au kuuza.

Kuna kampuni bei ya hisa yake haijashuka hata shilingi kumi kwa muda mrefu. Hiyo si ndiyo salama kuliko zote? (Manyoni)

Hapana, na swali hili tungependa lisomwe na kila anayeanza. Bei inayoonekana ni ya biashara ya mwisho iliyofanyika. Kama hakuna aliyenunua wala kuuza, namba inabaki palepale. Hisa za TBL, kampuni kubwa ya bia inayojulikana na kila mtu, zilikaa miaka kadhaa zikiandikwa shilingi 10,900. Haikuwa na maana kwamba ukipeleka mzigo wako asubuhi utapewa 10,900 kufikia jioni. Ni kama kupeleka ng'ombe mnadani siku ambayo mnunuzi ni mmoja: bei ya wiki iliyopita haikusaidii.

Kabla ya kununua, mwombe dalali vitu viwili. Kwanza, idadi ya hisa za kampuni hiyo zilizouzwa kila siku kwa miezi mitatu iliyopita. Pili, oda zilizopo sasa hivi za kununua na za kuuza. Tuseme, kwa mfano, bei ya mwisho ni 5,000. Upande wa wanunuzi kuna mtu anayetaka hisa 200 kwa 4,800, na wa pili anataka hisa 2,000 kwa 4,500. Wewe una hisa 1,000 na umemwambia dalali "uza kwa bei ya soko". Zako 200 zitakwenda kwa 4,800, yaani 960,000. Zilizobaki 800 zitakwenda kwa 4,500, yaani 3,600,000. Umepata 4,560,000, wakati kichwani ulikuwa na milioni tano. Laki nne na arobaini zimepotea na kampuni haina tatizo lolote.

Dawa yake ni kutoa oda yenye kikomo: andika bei ya chini kabisa utakayokubali ukiuza, au ya juu kabisa ukinunua, na tarehe oda itakapokwisha. Ubaya wake ni kwamba unaweza kukaa wiki nyingi bila kuuza. Ndiyo maana tulimjibu mkulima wa Hombolo vile. Anayeweza kungoja hukaa na kikomo chake, na anayebanwa na ada ya shule anakubali 4,500.

Nimestaafu ualimu. Nina milioni 30 za kiinua mgongo. Afisa wa benki amenishauri niziweke zote kwenye hatifungani ya serikali ya miaka 25. Amesema haina hasara. (Mpwapwa)

Mwalimu, shikamoo. Hatifungani za serikali ni mahali pazuri kwa mstaafu, ila neno "haina hasara" linahitaji mkia: *ukikaa nayo hadi mwisho*.

Hatifungani ni hati ya mkopo: wewe unaikopesha serikali. Zinavyofanya kazi: Benki Kuu huziuza kwa mnada, unaingia kupitia benki au dalali, kuanzia shilingi milioni moja na kuendelea kwa mafungu ya laki moja. Mwananchi wa kawaida hutuma zabuni isiyo ya ushindani, anapewa bei ya wastani wa waliofaulu, na halazimiki kubahatisha namba. Kuponi, yaani riba yake, hulipwa kila miezi sita na haibadiliki hadi mwisho. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza mwaka 2021 ilikuwa na kuponi ya asilimia 15.95. Kwa milioni kumi hiyo ni shilingi 1,595,000 kwa mwaka, au 797,500 kila nusu mwaka, na kuponi hiyo haikatwi kodi. Riba ya akaunti ya benki hukatwa asilimia 10.

Mwaka 2022 hatifungani mpya za miaka 25 zilishushwa hadi kuponi ya asilimia 12.56. Waliokuwa na zile za 15.95 walifurahi, kwa sababu wanunuzi walikuwa tayari kulipa zaidi ya shilingi 100 kwa kila 100 ya deni. Sasa geuza upande. Mtu ana hiyo ya 12.56, viwango vya soko vinapanda hadi 15, na mgonjwa nyumbani anahitaji matibabu. Nani atanunua karatasi ya 12.56 kwa bei kamili wakati anaweza kupata 15? Kwa hesabu ya mfano, ikiwa imebaki miaka 24, bei yake hushuka hadi karibu shilingi 84 kwa kila 100. Milioni kumi inauzwa kama milioni nane na laki nne. Kadiri muda uliobaki unavyokuwa mrefu ndivyo bei inavyoyumba zaidi. Ya miaka miwili ingeshuka kidogo tu.

Kwa hiyo, mwalimu, usifunge zote kwenye muda mmoja. Tenga kwanza fedha ya miaka miwili ya matumizi na dharura, iwe benki au kwenye mfuko wenye ukwasi, yaani ambao pesa hutoka haraka. Iliyobaki igawanye: nyingine miaka 2 hadi 5, nyingine miaka 10, na ndipo fungu liende miaka 20 au 25. Umri wako si sababu ya kuogopa muda mrefu, maana hatifungani hurithiwa na kuponi zake huendelea kulipwa.

Tahadhari moja kwa anayenunua kwenye soko la upili, yaani kwa mwenye hatifungani tayari, si kwenye mnada wa Benki Kuu. Ukiuziwa ile ya 15.95 kwa shilingi 115, hupati 15.95. Gawanya 15.95 kwa 115: unapata kama asilimia 13.9, na mwisho wa safari serikali itakurudishia 100, si 115. Muulize muuzaji "mapato hadi kuiva ni asilimia ngapi?", yaani faida halisi kwa mwaka kwa bei unayolipa ukikaa nayo hadi mwisho. Akijibu kwa kutaja kuponi, ama hajui ama hataki ujue.

Tofauti ya mfuko wa Umoja na wa Ukwasi ni nini, na je, kipande kinaweza kushuka bei? (Muuguzi, Singida)

Umoja, mfuko wa kwanza wa UTT, ulioanza mwaka 2005, ni wa mseto: una hisa za kampuni zilizoorodheshwa pamoja na hatifungani na amana. Ukwasi hauingii kwenye hisa; umekaa kwenye dhamana za serikali na amana za benki. Ndiyo maana mstari wa Ukwasi hupanda taratibu bila kuruka, na Umoja huweza kusimama au kurudi nyuma soko la hisa linapolegea. Ndiyo, kipande kinaweza kushuka. Hakuna mfuko halali unaokuhakikishia kiwango cha faida, na kile cha mwaka jana si ahadi ya mwaka huu.

Thamani ya kipande inayotangazwa tayari imeshatolewa gharama za uendeshaji, kwa hiyo usizitoe mara ya pili unapolinganisha. Unapotoka Umoja kuna makato ya asilimia 1. Kwa anayeweka elfu hamsini kila mwezi kutoka kwenye mshahara, sisi tunaona mifuko inamfaa kuliko kuchagua hisa mwenyewe: ada za dalali kwa viwango vidogo humla mtu taratibu, na elfu hamsini haitoshi kutawanya kwenye kampuni nyingi.

Nilinunua hisa siku mbili kabla kitabu cha wanahisa hakijafungwa. Gawio sikupata. Nimedhulumiwa? (Kondoa)

Hukudhulumiwa, ulichelewa. Kwa kuwa malipo hukamilika siku ya tatu ya kazi, ulikuwa bado hujaandikwa kwenye kitabu hicho, ambacho ndicho orodha ya wanaostahili gawio. Tangazo la gawio hutaja siku ya mwisho ya kununua na kupata haki; tazama hiyo, usitazame ya kufunga kitabu. Na hata ungewahi, baada ya siku hiyo bei kwa kawaida hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio, kwa hiyo kukimbilia siku ya mwisho hakuna faida ya bure. Ukiwa na hisa 1,000 na gawio la shilingi 50, utakatwa kodi ya asilimia 5 na kupokea 47,500.

Bodi ya Bima ya Amana inalinda hisa zangu? (Mfanyabiashara wa nafaka, Kibaigwa)

Hapana. Inalinda amana za benki, hadi shilingi milioni 7.5 kwa mwenye amana katika benki moja. Hisa za benki si amana: benki ikianguka, mwenye hisa ndiye wa mwisho kulipwa, na mara nyingi hakuna kinachobaki.

Tumeongezwa kwenye kundi la WhatsApp la uwekezaji. Wanalipa asilimia 10 kila mwezi na waliotangulia wamelipwa kweli. (Bahi)

Asilimia 10 kwa mwezi ikirudishwa humo humo hugeuza milioni moja kuwa zaidi ya milioni tatu kwa mwaka. Serikali yenyewe, kwenye ile hatifungani ya 15.95, ingehitaji zaidi ya miaka saba kukufikisha hapo, na hapo ni kama ungeziwekeza tena kuponi zote kwa kiwango hicho hicho. Waliotangulia kulipwa si ushahidi. Hulipwa kwa pesa za waliofuata. DECI, mpango wa upatu uliovuma nchini, nayo ililipa wa mwanzo, hadi ilipofungwa na serikali mwaka 2009.

Ulizeni jina kamili la kampuni na namba ya leseni, kisha mtafute jina hilo kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Cheti cha BRELA, wakala wa kusajili kampuni, si leseni ya kupokea fedha za uwekezaji, hata kikiwekwa fremu. Na kama malipo yanakwenda kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hamhitaji kuuliza zaidi.

Marehemu mume wangu aliacha hisa na vipande. Nina risiti zake tu. Nifanyeje? (Mjane, Kongwa)

Pole sana, mama. Risiti kukosekana au kuchakaa si mwisho, kwa sababu umiliki umeandikwa kwenye mfumo. Fungua shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo ukiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Msimamizi akishateuliwa, apeleke barua ya uteuzi, cheti cha kifo na kitambulisho chake cha NIDA kwa dalali kwa upande wa hisa, na ofisi ya UTT AMIS kwa vipande. Aombe kwanza taarifa ya maandishi ya mali yote iliyo kwa jina la marehemu, pamoja na magawio ambayo hayakuchukuliwa. Hayo mara nyingi husahauliwa, na kampuni bado inayadaiwa. Baada ya hapo warithi wanachagua: kuhamishiwa hisa kwa majina yao, ambapo kila mmoja atahitaji akaunti yake, au kuuza na kugawana fedha. Mkichagua kuuza, someni jibu la Manyoni hapo juu kabla hamjasaini oda.