Ukitaka kuona karatasi za saini, omba hivi

Ndugu zangu mlio huku jimbo la Washington, kila zinapokusanywa saini za kupeleka jambo kwenye kura naulizwa: "Nilisaini pale nje ya duka. Nani ataliona jina langu?" Yeyote atakayeomba. Mwaka 2010, katika kesi ya Doe dhidi ya Reed, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji 8 kwa 1, kwamba kwa ujumla kuwaweka wazi waliosaini hakuvunji Katiba. California ni kinyume: huko karatasi hizo ni siri.

Mimi naiunga mkono sheria ya kwetu. Mji wa Tukwila ulipandisha kima cha chini cha mshahara kwa njia hii ya saini na kura Novemba 2022, mji wa Renton ukafuata Februari 2024. Jambo linalogusa riziki ya watu kiasi hicho lazima likaguliwe na watu wenyewe. Wakenya mnakumbuka Januari 2021, IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, ilipoweka mtandaoni orodha ya waliosaini kuunga mkono BBI, mpango wa kubadilisha Katiba ya Kenya, na watu wakalalamika kukuta majina yao humo bila ridhaa yao.

Anza kwa karani wa mji, kwa maandishi. Ukiomba "nyaraka zote" utangoja sana. Taja pendekezo, mwezi lilipowasilishwa, na karatasi unazotaka. Ofisi ina siku 5 za kazi za kukupa jibu, hata kama ni la kukupa tarehe tu. Kusoma palepale ofisini ni bure. Huna haja ya kueleza sababu, ila majina hayo usiyafanyie biashara. Wakifuta sehemu kwa wino mweusi, wanapaswa kukutajia kifungu cha sheria.

Kisha, na wengi huishia njiani hapa, nenda ofisi ya uchaguzi ya kaunti. Ndiyo inayolinganisha saini na daftari la wapiga kura, kwa hiyo omba kumbukumbu za zilizokataliwa na sababu zake. Utaona waliosaini mara mbili, wasiojiandikisha, na wanaoishi nje ya mpaka wa mji. Mtu wa Skyway, kwa mfano, anwani yake ya posta husomeka Seattle, lakini Skyway haimo ndani ya mji wa Seattle, na saini yake kwenye ombi la mji huo haihesabiwi.

Ukikuta jina lako na hukusaini, omba nakala ya ukurasa huo, weka alama kwenye mstari wenyewe, uiandikie ofisi ya kaunti siku hiyohiyo.