Saintpaulia sasa ni Streptocarpus

Umenunua Saintpaulia, kibandiko kikasema Streptocarpus, ukadhani umeuziwa mmea mwingine? Hapana ndugu yangu, hukuuziwa mmea mwingine. Kibandiko kikisema Streptocarpus ionanthus, ni ua lile lile la Usambara tulilolizoea kwa jina la Saintpaulia ionantha.

Mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliliundia jenasi (kundi la spishi za ukoo mmoja) yake mwaka 1893, akaipa jina la Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa huku Tanga. Kosa la Wendland, la kulitenga na Streptocarpus, linaeleweka. Shika tunda bichi la Streptocarpus uliangalie kwa karibu: limejisokota kama kamba, na hiyo ndiyo maana ya jina lenyewe. Tunda la Saintpaulia halijisokoti hata kidogo, na ua lake ni bapa, halina mrija mrefu. Nani asingeyatenganisha?

DNA ndiyo iliyomaliza ubishi. Ilionyesha kwamba Saintpaulia imechipuka ndani ya ukoo wa Streptocarpus, kwenye tawi la Streptocarpella ambalo mimea yake, kama Saintpaulia, ina kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 30. Huwezi kuwatenga wajukuu ukadai ukoo umekamilika! Basi mwaka 2015 wataalamu wakaziunganisha jenasi hizo mbili, na jina lililotangulia kutolewa, Streptocarpus la 1828, likashika. Mimi naliunga mkono badiliko hili kwa moyo wote, maana linasema ukweli kuhusu asili ya ua letu.

Saintpaulia imebaki kama jina la seksheni, yaani kundi dogo, ndani ya Streptocarpus. Hata ile spishi ya msitu wa Mbololo, kule Taita nchini Kenya, sasa ni Streptocarpus teitensis. Kwenye chungu chako andika jina jipya, la zamani uliweke chini yake.