Misa ya kwenye simu inanitosha, nirudi jumuiya kufanya nini?

SWALI: Dada, shikamoo. Nina miaka 62, ni mjane, naishi Mbagala. Tangu mwaka jana siendi jumuiya, na kanisani naonekana mara moja moja. Magoti yananisumbua, lakini kilichonivunja moyo ni kusomwa jina langu mbele ya watu kwamba sijamaliza mchango wa ujenzi. Nililia njia nzima. Sasa mwanangu aliyeko Muscat ananitumia bando, Misa naifuata kwenye simu na rozari nasali na kundi la WhatsApp. Shemeji yangu anasema nimeiacha imani. Je, nakosea?
Mjane, Mbagala

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole sana. Nianze na hilo la jina: mjane kusomewa deni mbele ya wenzake ni kosa, na waliofanya hivyo wanapaswa kukuomba radhi. Maaskofu wa ukanda wetu, kupitia AMECEA, umoja wa mabaraza yao ya Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele mwaka 1976, nia ilikuwa Wakristo wajuane na kubebana, asipotee mtu ndani ya parokia ya maelfu. Hawakuunda ofisi ya makusanyo.

Imani hujaiacha, na shemeji yako asikutishe. Asiyeweza kutoka kitandani akifuata Misa redioni au kwenye simu anasali kweli. Ila kwa ulivyoandika, si magoti yaliyokufungia ndani.

Nimekuwa muuguzi miaka 36, sasa nina 74, na jumuiya yetu hapa Morogoro tunakutana Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi. Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba tulikuwa tumefika tendo la tatu. Bibi aliyekaa kando yangu rozari ikamponyoka. Akaiokota. Punje tatu mbele ikamponyoka tena, mkono ule ule wa kulia. Nikamtazama usoni: mdomo umekwenda upande, na Salamu Maria inamtoka kama mtu mwenye tonge mdomoni. Nikasimamisha sala. Kijana wa mwenye nyumba akakimbia barabarani kuita bajaji, na nusu saa haikuisha tukawa hospitali. Kiharusi. Leo anatembea kwa mkongojo, na jumuiya anakuja. Bibi huyo anaishi peke yake. Angekuwa anasali nasi kwa simu, tungeona tu kwamba hajaandika kitu, na mtu akinyamaza kwenye kundi la WhatsApp nani hushtuka?

Kuna utafiti mmoja siusahau, kwa kuwa waliochunguzwa ni wauguzi wenzangu. Ni wanawake 74,534 wa Marekani, waliofuatiliwa tangu 1996 hadi 2012, na watafiti wa Harvard wakatoa matokeo mwaka 2016. Waliokwenda ibadani zaidi ya mara moja kwa wiki, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 33 wakilinganishwa na wasiokwenda kabisa. Utasema labda anayekwenda ndiye mzima tangu mwanzo. Watafiti walilifikiria hilo, wakaizingatia na hali ya afya waliyokuwa nayo wanawake hao kabla, na tofauti ikabaki. Sehemu ya sababu waliikuta kwa watu: kuwa na wa kukusaidia, sonona kupungua, sigara kuachwa. Siahidi miaka, hiyo ni ya Mungu. Ila katika kazi yangu nimewaona wengi waliofikishwa hospitali mapema kwa sababu jirani alijua mlango wao.

Na kwa upande wa imani, mkumbuke Tomaso. Jioni ile ya Ufufuko hakuwa pamoja na wenzake. Walimwambia, "Tumemwona Bwana." Habari aliipata kamili, na haikumtosha. Siku nane baadaye Bwana alimkuta mle ndani, pamoja na wengine. Injili haisemi siku ya kwanza alikuwa wapi. Mimi huwa nafikiri alikuwa amejifungia na uchungu wake, na ninapousoma mstari ule nawaona watu kama wewe. Wenzake hawakumfukuza kwa kutoamini, naye akarudi kuketi nao hivyo hivyo, na mashaka yake.

Sasa fanya hivi. Mtafute mtu mmoja wa jumuiya unayemwamini, mwende wote nyumbani kwa mwenyekiti siku ya kazi, jioni. Mweleze kilichokuumiza, na mwambie wazi unaweza kutoa kiasi gani, au kwamba huna. Asiposikia, nenda kwa katekista, kisha kwa paroko. Magoti yapeleke kliniki, usiyaachie dawa ya kuchua peke yake. Simu usiitupe: siku mguu umevimba fuata Misa humo, lakini omba uletewe Komunyo nyumbani, maana hiyo bando haileti.

Halafu waombe Jumamosi moja wasalie kwako. Hakuna atakayekutaka upige magoti. Chai usijisumbue. Toa mkeka tu, viti wataazima kwa jirani, na chako kiweke karibu na mlango upate pa kunyooshea mguu.