Kipupwe, bwawa na miundi iliyopauka: klorini haikufanya yote haya peke yake

Anayeogelea Dodoma mwezi wa Julai atajikuna, hilo halina ubishi. Miundi itapauka hadi uweze kuandika jina lako kwa ukucha, mgongo utawasha pale pale ambapo mkono haufiki, na ukivua soksi jioni unga mweupe utadondoka sakafuni. Ofisini kila mtu ana jibu lile lile: acha bwawa, ile dawa wanayotia kwenye maji ndiyo inakumaliza. Mimi siachi, maana mgongo wangu unanidai kuogelea kuliko ngozi inavyonidai kuacha. Na kwa jinsi ninavyouona mwili wangu, na miili ya wenzangu ninaokutana nao bwawani, klorini ina makosa yake, ila uharibifu mkubwa tunaufanya wenyewe katika ile robo saa ya kwanza baada ya kutoka majini.

Kwanza tuielewe hewa yenyewe. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake, ambayo kwa mwaka haifiki hata milimita 600 kwa kawaida, karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kufika Juni nchi imeshakauka, upepo unavuma na vumbi lake kutwa nzima, na alfajiri joto linashuka hadi nyuzi 14 au 13. Hewa ya namna hiyo inafyonza unyevu popote inapoukuta, na ngozi yako iko wazi. Sisi tuliotoka Tanga, na nyinyi mliohamia na wizara kutoka Dar es Salaam, tumekulia kwenye hewa yenye unyevu mwingi, hewa inayotusamehe. Kule unaoga mara tatu kwa siku, hujipaki kitu, na bado unang'aa. Mama mwenye nyumba wangu, Mgogo wa upande wa Bahi, alipoona ninavyochota maji asubuhi, mchana na usiku aliniuliza, "Mwanangu, unaoga kiasi hicho, uko baharini?" Kisha akaniambia niache sabuni ya asubuhi. Mama huyu hajawahi kuogelea maishani mwake, lakini hakuna ushauri ulionifaa kuliko huo wake.

Sababu iko kwenye kipimo cha pH, kile kinachoonyesha kitu kina uchachu au umagadi kiasi gani. Ngozi ya mtu ina uchachu kidogo, pH yake ni kama 5. Bwawa linalotunzwa vizuri hushikiliwa kati ya 7.2 na 7.8. Sabuni ya kipande, ya kuogea au ya kufulia, iko kwenye 9 hadi 10. Kila namba moja ya kipimo hicho ni tofauti ya mara kumi, kwa hiyo hebu piga hesabu mwenyewe: kati ya bwawa na kipande cha sabuni, kipi kiko mbali zaidi na ngozi yako? Klorini inaondoa sehemu ya mafuta ya asili yanayofunika ngozi, ni kweli, na maji yenyewe, hata yasiyo na dawa, ukikaa ndani yake muda mrefu yanazimua na kutoa vile vitu vidogo vinavyoshikilia unyevu katika tabaka la juu. Unatoka bwawani ukuta huo wa ngozi umeshalegea. Halafu unaubomoa kabisa kwa sabuni, dodoki na maji ya moto.

Maji ya moto ndiyo yanayostahili lawama kubwa kuliko yote, na naelewa kwa nini tunayapenda. Mabwawa mengi ya hapa hayana joto la kutengenezwa. Julai saa kumi na mbili asubuhi unatoka meno yanagongana, na hita ya bafuni inakuita kwa jina. Unasimama chini ya shawa mpaka kioo kinakuwa cheupe kwa mvuke. Maji ya moto hivyo yanayeyusha mafuta yaliyobaki, na damu inavyokimbilia juu ndivyo muwasho unavyoamka. Ukijiona unaanza kujikuna ukiwa bado unajifuta, chanzo ni hicho. Oga maji ya vuguvugu, yale ambayo ungemwogeshea mtoto mchanga, na uoge haraka. Baridi itakutoka kwa sweta na chai ya tangawizi.

Sabuni nayo itumie kwa akiba. Kwapani, kinenani, miguuni, basi. Mikono, miundi na mgongo havijabeba uchafu wowote baada ya saa nzima majini; vinahitaji kusuuzwa tu ili klorini isikaukie mwilini. Ukitaka sabuni ya mwili mzima, tafuta ya maji iliyoandikwa kuwa haina magadi na haina manukato, au ile ya watu wenye ngozi nyepesi ambayo duka la dawa watakuonyesha. Kuna jambo jingine la hapa kwetu: maji ya visima yana madini mengi, na ndiyo maana sabuni haitoi povu kirahisi. Madini hayo yakikutana na sabuni ya kipande yanatengeneza utando mzito unaobaki mwilini, ule ule unaouona umezunguka beseni. Ukiona unasugua na povu halitoki, usiongeze sabuni, punguza. Dodoki lipumzike hadi mvua zirudi. Najua wapo wanaoamini kwamba mpauko ni uchafu unaohitaji kusuguliwa. Mpauko ni ngozi iliyokauka, na ukiisugua unaichubua.

Sasa mafuta. Jifute kwa kugusagusa na taulo, usijikwangue, na ubaki na unyevunyevu. Hapo hapo, ukiwa bado bafuni, jipake. Wataalamu wa ngozi husema ndani ya dakika tatu, na kwa upepo wa Dodoma mimi nisingengoja hata hizo. Mafuta hayaleti maji mwilini, yanafungia yale yaliyopo, kwa hiyo ukijipaka nyumbani nusu saa baadaye ukiwa umeshakauka kama ngozi ya ngoma, unafungia ukavu. Hapa ndipo wengi wa bwawani kwetu wanapokosea. Wana losheni nzuri na ya bei, lakini iko chumbani kwenye meza. Hamishia chupa kwenye begi la kuogelea na usiitoe humo.

Jipake nini? Mafuta ya mgando ya kawaida, yale meupe ya kopo yasiyo na harufu, hayajapata mpinzani katika kuzuia maji yasipotee, na ni ya bei nafuu. Ubaya wake ni kunatanata na kukamata vumbi, na vumbi letu unalijua. Kwa hiyo mchana napendelea mafuta ya alizeti. Singida na Dodoma ndiko yanakokamuliwa, yako hadi kwenye chupa za maji barabarani, na yana asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo ngozi huitumia katika kujenga ukuta wake. Chagua yaliyochujwa vizuri, yasiwe na harufu ya kuoza, na yatunze mbali na jua. Mafuta ya mbegu za ubuyu nayo ni mazuri na mibuyu imetuzunguka, ila bei yake inanifanya niyapake usoni tu. Ya nazi nayapenda kwa sababu ya kwetu, lakini huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Asubuhi ya kipupwe utakuwa unachokoa chupa kwa kijiti huku unatetemeka. Ya zeituni, ambayo watu hununua ghali wakidhani ndiyo kilele cha mafuta, yana asidi ya oleiki kwa wingi, na hiyo huweza kulegeza ukuta wa ngozi kavu zaidi. Yaache kwenye kachumbari.

Glisirini inahitaji maelezo yake. Inavuta maji kutoka popote ilipo nafuu kuyapata. Pwani inayavuta kutoka hewani. Hapa hewani hakuna kitu, hivyo ukijipaka ikiwa nzito, bila kuichanganya, itavuta kutoka ndani ya ngozi yako mwenyewe na utashangaa mbona unazidi kukauka. Ichanganye na maji, jipake ukiwa na unyevu, kisha funika juu yake kwa mafuta ya mgando kidogo. Kwa mpangilio huo inafanya kazi vizuri sana, na usiku ndio ninaoutumia kwenye miundi na viwiko. Visigino vyenye magaga vinataka krimu yenye urea. Itachoma kama kuna mpasuko wazi, basi subiri mpasuko ufunge kwanza, upake mafuta ya mgando na kulala na soksi za pamba.

Kabla ya kuingia majini kuna kazi ndogo. Oga kwanza, maji matupu. Ngozi na nywele zilizokwisha kulowa maji safi hazina kiu kubwa ya maji ya bwawa, lakini sababu kubwa ni wenzako. Ile harufu kali tunayoiita ya klorini kwa kweli ni ya kloramini, zinazozaliwa klorini inapokutana na jasho, mkojo na mafuta ya miili yetu. Hizo ndizo zinazowasha macho na kukera ngozi. Bwawa linalonuka dawa kupita kiasi mara nyingi ni bwawa la watu wasiooga kabla ya kuingia, na pengine la watu wanaofanya mambo mengine humo ndani ambayo sitayataja. Unaweza pia kupaka mafuta ya mgando kidogo sana kwenye viwiko, magoti na sehemu zinazosuguliwa na nguo. Kidogo sana, nasisitiza. Ukijipaka mwili mzima utaelea na mafuta yako, yatakwenda kwenye chujio, na mtunza bwawa atakununia kwa haki.

Huyo mtunza bwawa mfanye rafiki. "Shikamoo mzee, dawa umetia saa ngapi?" ni swali la sekunde chache lenye manufaa mengi. Jua linavunja klorini, ndiyo maana wengi hutia jioni. Asubuhi mapema baada ya dozi kubwa ya usiku, kiwango kinaweza kuwa bado juu. Mwenye kipimo atakuambia, na akikuambia subiri, subiri. Saa za mchana klorini ni hafifu kidogo lakini jua la uwanda wa juu ni kali, na ubaridi wa kipupwe unakudanganya kwamba halipo. Mimi huchagua saa kumi na moja jioni, hasa kwa sababu ya kazi.

Vitu ambavyo watu wananishauri na sivifanyi: Piritoni, kwa mfano. Muwasho wa ukavu si mzio, kidonge kitakulaza tu na asubuhi utaamka umepauka vile vile. Kunywa maji lita kwa lita ni jambo jema kwa mengine, lakini tabaka la juu la ngozi halinyweshwi kwa mdomo. Vitamini C huondoa klorini kweli, na waogeleaji wengine huiyeyusha kwenye maji na kujinyunyizia. Kwa mtu anayesuuza mara tu anapotoka sioni haja yake. Kutokana na hilo wapo waliohitimisha kwamba ndimu itafaa kwa kuwa nayo ina vitamini C. Tafadhali, ndimu usiipake mwilini ukaenda juani. Maji yake yakipigwa na jua yanaunguza ngozi, yanatoa malengelenge na kuacha madoa meusi ya muda mrefu. Na zile krimu zinazouzwa kwa kunong'onezana, zinazotuliza muwasho siku hiyo hiyo na kukutakatisha juu yake, nyingi zina dawa kali za steroidi au viambato vilivyopigwa marufuku. Ngozi hukonda, na ukiacha muwasho hurudi na nguvu mpya.

Fuata haya ya bafuni kwa wiki mbili hivi na ukavu wa kawaida utatulia. Usipotulia, usiendelee kubadilisha mafuta. Muwasho unaozidi usiku, ulio katikati ya vidole na viunoni, na unaowakuna wengine pia nyumbani, huenda ni upele, na huo unatibiwa kwa losheni ya duka la dawa kwa familia nzima siku ile ile, pamoja na kufua mashuka na nguo kwa maji ya moto. Duara lenye ukingo mwekundu na katikati palipopoa ni choa, linataka dawa ya fangasi. Vipele vyenye usaha kwenye vinyweleo siku moja au mbili baada ya kuogelea vinaweza kuonyesha kwamba maji ya bwawa hayana dawa ya kutosha, kwa hiyo mwambie mtunza bwawa kabla hujamwambia daktari. Na mwenye pumu ya ngozi si lazima aache kuogelea. Akae nje wakati ngozi ina vidonda wazi, na akirudi, suuza yake na mafuta yake vitangulie hata salamu za bafuni.