Maswali ya Wasomaji: Vikosi vya Tennessee Mashariki

Katika toleo lililopita tulieleza jinsi majimbo 11 ya kusini mwa Marekani yalivyojitenga mwaka 1860 na 1861, na tukataja kwa kupita tu kwamba Tennessee, mojawapo ya majimbo hayo, ilitoa maelfu ya askari waliopigana upande wa Rais Abraham Lincoln katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata. Sentensi hiyo moja imetuletea barua nyingi. Tumechagua tatu ambazo zikijibiwa zitawafaa na walioandika nyingine.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu wa historia na wanafunzi wangu wamenikabili na gazeti lenu mkononi. Wanauliza: ikiwa Tennessee ilijitenga, askari wake walimpiganiaje Lincoln? Je, hao walikuwa jeshi halali au ni watu waliojikusanya msituni?
Mwalimu, Buruburu, Nairobi

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa jambo ambalo ramani za vitabuni hulificha. Ramani hulipaka jimbo zima rangi moja, ilhali Tennessee ilikuwa na sehemu tatu zilizotofautiana kwa ardhi, kwa uchumi na kwa siasa. Magharibi na katikati palikuwa na mashamba makubwa ya pamba na tumbaku yaliyotegemea kazi ya watumwa. Mashariki ni nchi ya milima na mabonde membamba, ambako wakulima wengi walilima mashamba madogo kwa mikono yao na ya watoto wao. Katika jimbo zima karibu robo ya watu walikuwa watumwa. Mashariki hawakuzidi mmoja kati ya kumi.

Kura ya kujitenga ilipigwa tarehe 8 Juni 1861. Jimbo zima lilikubali, watu wapatao 105,000 dhidi ya 47,000. Tennessee Mashariki ilikataa, karibu 33,000 dhidi ya chini ya 15,000. Siku chache baadaye wajumbe wa kaunti za mashariki walikutana mjini Greeneville kuanzia tarehe 17 hadi 20 Juni, wakaliomba bunge la jimbo lililokuwa Nashville liwaruhusu kuunda jimbo lao wenyewe. Bunge lilikataa, na majeshi ya Shirikisho, yaani serikali ya majimbo yaliyojitenga, yakapelekwa kuishika sehemu hiyo chini ya Felix Zollicoffer, ambaye kabla ya hapo alikuwa mhariri wa gazeti huko Nashville.

Naomba uwasisitizie wanafunzi kwamba hata mashariki penyewe hapakuwa na sauti moja. Miji iliyopitiwa na reli ilifanya biashara na kusini, na wafanyabiashara wake wengi waliunga mkono Shirikisho. Kaunti ya Sullivan ilipiga kura ya kujitenga ingawa iko kwenye milima ileile. Mgawanyiko ulipita ndani ya kaunti, ndani ya makanisa na ndani ya nyumba, na mtu akifikiri palikuwa na mstari ulionyooka kati ya pande mbili hataelewa lolote katika yaliyofuata.

Waliotaka kumpigania Lincoln hawakuweza kujiandikisha nyumbani, kwa kuwa nyumbani palikuwa chini ya adui. Wakaanza kutoroka. Walitembea usiku kuvuka milima hadi jimbo jirani la Kentucky, wakiongozwa na wenyeji waliozijua njia za wachungaji na wawindaji, huku mchana wakijificha vichakani. Huko Kentucky, katika kambi iliyoitwa Camp Dick Robinson, ziliundwa mwaka 1861 rejimenti mbili za kwanza za askari wa miguu wa Tennessee Mashariki. Ya kwanza iliongozwa na Kanali Robert K. Byrd, na ya pili na Kanali James P. T. Carter. Samuel P. Carter, nduguye James, alikuwa ofisa wa jeshi la majini, akaondolewa baharini akatumwa kuwafundisha wakulima wa milimani kupigana nchi kavu. Alimaliza vita akiwa jenerali, kisha akarudi majini na hatimaye akapata cheo cha admeri.

Ndugu wa tatu, mchungaji William B. Carter, ndiye aliyebuni mpango uliowagharimu sana watu wa kwao. Reli iliyopita Tennessee Mashariki iliunganisha Virginia na majimbo ya kusini zaidi, na Shirikisho liliitegemea kusafirisha askari na chakula. Mchungaji huyo alimweleza Lincoln kwamba wenyeji wangeyachoma madaraja tisa ya reli usiku mmoja, na hapohapo jeshi la Muungano, yaani la serikali ya Lincoln, lingeingia kutoka Kentucky kuwakomboa. Usiku wa tarehe 8 Novemba 1861 madaraja matano yaliteketea. Jeshi halikuja. Jenerali William T. Sherman, aliyehofia kushambuliwa yeye mwenyewe, alikuwa amesimamisha safari hiyo, na walioko milimani hawakupata habari mapema. Shirikisho liliwanyonga watu watano, miongoni mwao baba na mwanawe, kwa amri ya waziri wa vita Judah Benjamin, aliyeagiza pia kwamba maiti ziachwe zikining'inia karibu na madaraja. Rejimenti zilizoko Kentucky ziliposikia kwamba zinageuzwa kurudi nyuma badala ya kwenda kuwaokoa ndugu zao, wapo askari waliolia hadharani na wapo waliokataa kupiga hatua. Mimi nawaelewa, na naamini kila mtu aliyewahi kuwa na mzazi nyuma ya mstari wa vita atawaelewa.

Sasa kuhusu uhalali. Vikosi hivyo viliapishwa katika jeshi la serikali ya Washington, vililipwa mshahara na serikali hiyo, vilivaa sare zake na vilipewa namba kama rejimenti nyingine. Upungufu ulikuwa mmoja: kwa kawaida gavana wa jimbo ndiye aliyewapa maofisa hati za vyeo, na gavana wa Tennessee alikuwa upande wa Shirikisho. Pengo hilo lilizibwa Machi 1862, Lincoln alipomteua Andrew Johnson kuwa gavana wa kijeshi. Johnson alitoka Greeneville hukohuko mashariki, na alikuwa seneta pekee wa majimbo yaliyojitenga aliyebaki kwenye kiti chake Washington. Mwezi uliofuata Shirikisho lilipitisha sheria ya kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima, na sheria hiyo iliwasukuma Kentucky wanaume wengi ambao hadi wakati huo walikuwa wametaka tu kuachwa walime. Hadi vita vilipokwisha, wazungu wa Tennessee waliojiunga na jeshi la Muungano walifika kama 31,000, wengi wao wa mashariki.

SWALI: Kwako Mhariri. Babu yangu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku kwetu) na alituambia kwamba vikosi vyao viliandikishwa kwa kufuata nchi, hivi vya Kenya, vile vya Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Nimesoma kwamba hao wa Tennessee waliandikishwa kwa kufuata kaunti. Je, kuwaweka vijana wa sehemu moja pamoja kulikuwa na faida, au ni hatari?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Babu yako alisema kweli kuhusu KAR, ila kuna tofauti kubwa: batalioni zile ziliundwa na serikali ya kikoloni kwa haja zake, na hizi za Tennessee Mashariki ziliundwa na viongozi wa wenyeji dhidi ya serikali ya jimbo lao wenyewe. Rejimenti ilikuwa na kombania kumi hivi, kila moja ikikusudiwa kuwa na watu wapatao 100, na mara nyingi kombania nzima ilitoka katika bonde moja au kaunti moja. Kapteni alikuwa mtu aliyejulikana na wote kabla ya vita, pengine mwenye duka au mwana wa familia yenye jina, na uwezo wake wa kuamrisha ulitokana na kuaminiwa kuliko na cheo.

Faida ilionekana mapema. Ukimtuma mgeni kwenye milima ile atapotea kabla ya jua kuzama. Mwenyeji anajua mto unavukwa wapi, na nyumba ipi itampa chakula na ipi itamsaliti. Mfano unaojulikana zaidi ni wa tarehe 4 Septemba 1864. Jenerali John Hunt Morgan wa Shirikisho, aliyesifika kwa uvamizi wa farasi, alilala katika nyumba moja mjini Greeneville akidhani yuko salama. Alfajiri askari wa farasi wa Tennessee waliokuwa chini ya Jenerali Alvan C. Gillem waliingia mjini, wakiwemo wa Rejimenti ya 13 iliyojaa vijana wa kaunti za Carter na Johnson. Morgan alijaribu kukimbia kupitia bustani, akapigwa risasi na kufa.

Tusivifanye vikosi hivi kuwa vya mashujaa wasioshindwa. Mwezi Novemba mwaka huohuo jeshi la Gillem lilivunjwa vibaya karibu na Bull's Gap, nalo likakimbia usiku likiacha mizinga. Tena askari anayepigana karibu na kwao hubeba mzigo ambao askari wa mbali haujui. Akisikia kwamba wavamizi wamemchukulia mama yake ng'ombe, atataka kwenda, ruhusa iwepo isiwepo. Wengi walikwenda, na maofisa wao, wakiwa majirani wao, hawakuwa na moyo wa kuwaadhibu. Upande wa Shirikisho ulipata taabu ya aina yake: rejimenti za 60, 61 na 62 za Tennessee, zilizotoka mashariki na kuwekwa katika brigedi ya John C. Vaughn, zilivunjika haraka kwenye Mto Big Black, karibu na Vicksburg, tarehe 17 Mei 1863. Wamo humo ambao hawakuwa na haja ya kufa kwa ajili ya serikali ambayo kaunti zao ziliikataa.

Hatari kubwa zaidi, ndugu msomaji, ni hesabu ya msiba. Rejimenti ya 3 ya askari wa farasi wa Tennessee ilikuwa na vijana wengi wa kaunti zinazozunguka Knoxville. Septemba 1864 mamia yao walitekwa na Jenerali Nathan Bedford Forrest kaskazini mwa Alabama, walipokuwa wakilinda reli, wakafungwa katika gereza la Cahaba. Walivumilia njaa na mafuriko humo hadi vita vilipokaribia kwisha. Wakaachiliwa. Walipandishwa kwenye meli ya mto iliyoitwa Sultana, yenye kibali cha kubeba watu 376, nayo ikajazwa zaidi ya 2,000 kwa sababu kila kichwa kililipiwa na serikali na wapo waliotaka fedha hizo. Alfajiri ya tarehe 27 Aprili 1865, juu kidogo ya Memphis kwenye Mto Mississippi, mitungi ya mvuke ililipuka. Walikufa zaidi ya watu 1,100, baadhi kwa moto na wengi kwa maji baridi. Kwa kuwa kombania ziliandikishwa kijiji kwa kijiji, barua za tanzia nazo zilifika kijiji kwa kijiji, nyumba ya tatu, ya nne, ya sita katika njia moja. Mwaka 1916 walionusurika walisimamisha mnara wa ukumbusho huko Knoxville wenye majina ya waliokuwa melini kutoka Tennessee, na waliendelea kukutana kila mwaka hadi walipobaki wachache mno.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba palikuwa na yote mawili, na kwamba faida ilikwenda kwa majenerali wakati hasara ilibaki kwa akina mama.

SWALI: Mhariri, naona mnasifu uaminifu wa watu wa milimani kwa Muungano. Lakini watu weusi wa sehemu hiyo walikuwa wapi? Na je, hao wazungu waliompigania Lincoln walipinga utumwa?
Mama wa watoto watatu, South C, Nairobi

JIBU: Mama, umeuliza swali ambalo waandishi wengi wa habari hizi wamelikwepa. Wengi wa wazungu hao hawakupinga utumwa. Walipinga kujitenga, na waliwachukia matajiri wenye mashamba, wakiona kwamba ndio waliowaburuta vitani. Andrew Johnson mwenyewe alimiliki watumwa. William G. Brownlow, mhubiri na mhariri wa Knoxville ambaye sauti yake iliwatia wengi moyo, na ambaye wanawe wawili walikuwa maofisa katika rejimenti za farasi za Muungano, alikuwa ametetea utumwa hadharani kabla ya vita. Tangazo la Lincoln la tarehe 1 Januari 1863 la kuwaweka watumwa huru halikuihusu Tennessee, kwa sababu Johnson aliomba iachwe.

Watu weusi hawakungoja kuombewa. Jeshi la Jenerali Ambrose Burnside lilipoingia Knoxville Septemba 1863, likiwa pamoja na watu wa Kanali Byrd waliokuwa wamekaa ugenini kwa miaka miwili, watumwa waliondoka mashambani na kulifuata. Mapema mwaka 1864 iliundwa mjini humo Rejimenti ya 1 ya mizinga mizito ya askari weusi. Hicho nacho kilikuwa kikosi cha wenyeji kwa maana kamili, na ni kosa kukisimulia kana kwamba ni habari ya pembeni. Kutoka Tennessee yote waliandikishwa askari weusi wapatao 20,000, yaani wawili katika kila watano wa askari wote wa Muungano waliotoka jimbo hilo. Hatari yao ilikuwa kubwa kuliko ya wenzao wazungu. Ngome ya Fort Pillow, magharibi mwa jimbo, ililindwa na askari weusi wa mizinga pamoja na wazungu wa Tennessee. Forrest alipoiteka tarehe 12 Aprili 1864, askari weusi waliuawa kwa uwiano mkubwa zaidi, wengi wakiwa wamekwisha kusalimu amri.

Utumwa ulikomeshwa Tennessee kwa kura ya wananchi Februari 1865, wakati ambapo mtu mweusi hakuwa na kura. Brownlow alipokuwa gavana aliwanyima kura waliokuwa wa Shirikisho, na baada ya muda akaona kwamba bila kura za watu weusi serikali yake haitasimama. Februari 1867 bunge la jimbo liliwapa wanaume weusi haki ya kupiga kura, miaka mitatu kabla ya katiba ya Marekani kufanya hivyo kwa nchi nzima, na Agosti ya mwaka huo askari wa zamani wa ile rejimenti ya Knoxville waliweza kupiga kura wakiwa watu huru.