Kuyeyuka majini si kipimo cha bondi

Ndugu, unasema chumvi ya Katwe (ziwa la chumvi huku Kasese, Uganda) na sukari zina bondi, yaani mshikamano wa atomu, ya aina moja kwa kuwa zote huyeyuka majini. Hapana. Kwenye chumvi, sodiamu huiachia klorini elektroni moja kabisa. Sodiamu inabaki na chaji chanya, klorini hasi, na chaji hizo ndizo zinazovutana. Atomu zenye chaji namna hiyo huitwa ioni, na hiyo ni bondi ya ioni. Kwenye sukari, kaboni, hidrojeni na oksijeni hutumia elektroni kwa ubia, hakuna aliyepokonywa. Hiyo ni bondi ya kovalenti.

Ukitaka kuona mwenyewe, chukua betri tatu za tochi na taa ndogo ya LED, uziunganishe kwa waya ili umeme upitie kwenye maji. Maji yenye chumvi nyingi huiwasha, maana ioni zimeachana na zinatembea. Ya sukari hayaiwashi: molekuli zimetawanyika zikiwa nzima, bila chaji. Moto nao husema, sukari inaungua kwenye sufuria ya kawaida, chumvi safi haiyeyuki kwa moto mpaka nyuzi 801 za Selsiasi.

Nafundisha kemia sekondari huku Kasese, na wanafunzi hukwama hapa: wanadhani kitu lazima kiwe upande mmoja tu. Chumvi ya Katwe yenyewe si kloridi ya sodiamu (ile ya sodiamu na klorini) tupu, ina kabonati na salfeti pia. Kwenye kabonati ya sodiamu, bondi zote mbili zimo: sodiamu imeshikwa kwa ioni, ila kaboni na oksijeni zimeshikana kwa kovalenti.