Ukipewa kazi ndogo ya sanaa ungali mwanafunzi

Wanafunzi wengi wa sanaa huhitimu wakiwa na kazi moja au mbili za watu wengine walizopewa bila kutarajia, na nyingi kati ya hizo huharibika mapema kwa sababu tu ni ndogo na huchomekwa popote. Yangu ni chapa ya bamba la shaba, yaani picha iliyochapwa karatasini kwa bamba lililotiwa wino, isiyozidi ukubwa wa postikadi, niliyopewa na fundi aliyesimamia karakana yetu ya uchapaji, jioni moja nilipobaki kumsaidia kusafisha wino mezani. Aliitoa kwenye droo, akaiweka katikati ya karatasi mbili za kufyonza, akanikabidhi na kuendelea na kazi yake.

Jambo la kwanza ninalokushauri ni kumuuliza aliyekupa, mapema kadiri iwezekanavyo, kazi hiyo inaitwaje, aliifanya mwaka gani na kwa mbinu ipi, kisha uyaandike majibu kwenye karatasi ya pembeni, pamoja na tarehe uliyoipokea. Ukilazimika kuandika nyuma ya kazi yenyewe, tumia penseli laini, ukingoni, bila kukandamiza, kwa kuwa wino wa kalamu huweza kupenya hadi upande wa mbele. Albrecht Dürer, msanii wa Ujerumani, alipopokea mchoro wa chaki nyekundu kutoka kwa Raphael, mchoraji wa Italia, aliandika juu yake mwaka 1515 na kueleza nani aliyemtumia na kwa nini. Mchoro huo sasa uko kwenye makumbusho ya Albertina, Vienna, na ni kwa maneno hayo machache tunajua ulivyomfikia.

Chapa yangu ni ya majaribio, yaani ilichapwa ili kulikagua bamba, ndiyo maana haina nambari kama 4/15, ambayo ingeonyesha kuwa ni nakala ya nne kati ya kumi na tano. Ukiitazama kwa karibu, utaona jinsi ukingo wa bamba ulivyodidimia kwenye karatasi, na kwenye pambizo ya kulia kuna alama ya dole gumba lenye wino. Nimeshauriwa zaidi ya mara moja niifute alama hiyo au nikate pambizo ili chapa ienee kwenye fremu niliyokuwa nayo. Usikubali ushauri wa namna hiyo hata ukitolewa kwa nia njema, kwa sababu pambizo na mdidimio wa bamba ni sehemu ya kazi, na mtaalamu huvitazama kabla ya kutoa maoni yoyote. Tafuta fremu inayoifaa chapa.

Kuhusu fremu nitasisitiza zaidi, kwa maana huko ndiko kazi nyingi za karatasi huangamia. Selotepu isiiguse kabisa, kwani gundi yake hugeuka kahawia na kuacha doa lisilotoka kwa urahisi. Kazi hushikizwa kwa vipande vidogo vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, upande wa juu tu, ili karatasi iweze kutanuka na kusinyaa hali ya hewa inapobadilika. Kadibodi ya nyuma, na ile yenye dirisha inayoitenga kazi na kioo, ziwe zisizo na asidi; karatasi ikigusana na kioo, unyevu hunaswa katikati na kualika ukungu. Makumbusho mengi huonyesha kazi za karatasi kwa mwanga wa takribani lux 50 (lux ni kipimo cha mwangaza), ambao ni hafifu sana, kwa sababu madhara ya mwanga hujilimbikiza na hayarudishwi nyuma. Kioo kinachozuia miale ya urujuanimno (UV) husaidia, lakini hakitoshi. Mimi huitundika yangu kwa miezi michache, mbali na dirisha, kisha huilaza ndani ya folda.

Usihangaike kurudisha zawadi kwa zawadi siku hiyo hiyo. Kazi uliyoifanya kwa pupa ili kulipa deni haimfurahishi mtu. Kumbuka pia kwamba umepewa karatasi, hukupewa haki ya kunakili, hivyo ukitaka kuitumia kwenye jalada au bango, msanii aombwe ruhusa. Na akikuomba umwazime kwa ajili ya maonyesho, mpe, ila ipigeni kazi picha mbele na nyuma mkiwa pamoja, na mwandikiane tarehe ya kurudishwa.